Kigingi Namba Saba

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Basi leo tumeunganishwa! Idara tatu — fizikia, maji, kompyuta — sasa ni koleji moja ya sayansi na uhandisi, hapa hapa Garsen. Mwaka juzi tulikuwa na wanafunzi tisini na projekta moja mbovu. Leo wamefika mia nne na kumi!

Na huyu mkuu mpya, Dkt. Ruwaida! Mama wa Kipini, mhandisi wa maji, mfupi, sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Ameingia chumba cha chai cha wakubwa, akatazama makochi, akasema kuanzia kesho hii ni maabara ya saruji. Nilitaka kupiga makofi.

Habari mbaya: mafundi wote tunaomba kazi upya. Usaili Jumatatu. Mkuu wa maabara ya upimaji atakuwa mmoja, nasi tuko wawili — mimi na Nehemiah. Yeye ana diploma. Mimi nina cheti, na miaka kumi na mmoja ya kubeba tripodi juani.

Jumatano, 3 Septemba

Dkt. Ruwaida ameinua ramani yangu mbele ya watu wote! Ile ya kiwanja cha jengo jipya, niliyoipima mwezi wa Mei. "Mashaallah, Bwana Kaviha! Haina mkwaruzo, haina uwongo." Nimerudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani.

Msingi unachimbwa Jumatano ijayo.

Alhamisi, 4 Septemba

Sabdio, mama anayetuletea maziwa ya chai, leo hakutua dumu lake. Ameniita pembeni. "Wewe Kaviha, hapo umepiga vigingi, hiyo malka yetu. Ng'ombe iko njiani inarudi. Itakunywa maji wapi?"

Malka! Njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Nikamwambia mimi sikuona njia, niliona nyasi tu, hadi kiunoni. Akanitazama kwa huruma. Mei ni mvua, ng'ombe wako mbali huko bara. Nyasi zisiote kwa nini? Kila mtoto wa Kiorma anajua. Mimi mtoto wa wakulima wa mahindi niliona nyasi, nikaandika: "Ardhi haitumiki." Na sahihi chini, ya madoido.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimekwenda mwenyewe. Nyasi zimekauka, na njia ipo wazi, pana, imechimbika kwa kwato za miaka mingi. Inaingilia kigingi namba saba, inatokea namba kumi na mbili. Jengo linaikata katikati. Pande zote mbili ni mashamba. Ng'ombe wakikosa njia watapita kwenye mahindi ya watu, na mapigano yanayofuata hapo tunayajua sana hapa Tana.

Nikisema, kazi ni ya Nehemiah. Nikinyamaza — "haina uwongo". Naona haya!

Jumapili, 7 Septemba

Beryl, mke wangu, anasema subiri usaili upite, useme Jumanne. Msingi utakuwa bado haujachimbwa, nani ataumia? Hesabu yake haina kosa. Nimemkubalia. Kisha nikaikumbuka ile ramani ilivyoinuliwa juu, na Dkt. Ruwaida alivyofurahi.

Jumatatu, 8 Septemba

Niko kwenye benchi nje ya maabara ya saruji. Usaili ni humo humo, vyumba vingine vyote vina wanafunzi! Makochi hayapo, kuna mashine ya kuvunjia zege. Koleji hii itafika mbali, nami nikiwemo au nisiwemo.

Nehemiah yuko ndani. Wanacheka. Acha wacheke naye, hajamkosea mtu.

Asubuhi nilipitia kiwanjani. Sabdio alinikuta hapa, akaona nilichobeba, akauliza kama si cha kule. Nikasema ndicho. Sasa amekaa mwisho wa benchi na dumu lake miguuni. Maziwa ya watu yanangoja.

Nehemiah anatoka. Ananipigia saluti ya utani.

Nimelaza ramani magotini, na juu yake kigingi namba saba, udongo wake wote. Naandika kwa haraka, mwandiko gani huu!

"Bwana Kaviha! Bwana ramani! Ingia, mwanangu, ingia." Dkt. Ruwaida yuko mlangoni, anatabasamu. Bado hajatazama chini.