Mafiga ya Mama katika Nyumba ya Babu

Bwera, kupitia Kasese
Tarehe 22 Septemba 1968

Mpendwa ndugu yangu Yosamu,

Hujambo wewe? Wifi yangu Lamunu hajambo? Watoto je, yule mdogo amepona homa? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua imeanza na maharage yameota vizuri. Naandika kwa Kiswahili makusudi, ili Lamunu aisome barua yote mwenyewe. Nikiandika kwa Lhukonzo, lugha yetu, wewe unapomfasiria unaruka pale unapolaumiwa, na leo utalaumiwa.

Picha yako ya kombati ilifika. Mama aliishika siku nzima, akawaonyesha majirani, akasema umenenepa. Mimi naona umekonda kama fito. Hilo nitalirudia.

Unakumbuka ulichomwandikia mdogo wetu Ezironi mwezi wa sita? Kwamba nyumba ya babu inatimiza miaka hamsini, kwamba ndiyo nyumba ya kwanza ya mawe hapa kwetu na watu walisali humo kabla ya kanisa kujengwa, kwa hiyo afanye chochote kamati ya sherehe itakachomwambia. Chochote! Neno hilo moja limenisumbua miezi mitatu. Mdogo wetu alitembea na barua yako mfukoni kama hati ya polisi. Ukimuuliza jambo, anaitoa.

Mwenyekiti wa kamati, mwalimu Byamukama, alikuja akatazama juu, akaona masizi ya miaka hamsini kwenye boriti, akashika kichwa. Ati wageni wa sherehe hawawezi kuonyeshwa nyumba nyeusi hivyo. Wakapaka chokaa. Kisha wakataka kuyatoa mafiga matatu ya mama pale katikati ya chumba kikubwa. Wakamjengea jiko nje, la simenti, na bati juu. Zuri, sikatai. Hata mimi ningelipenda.

Mama alikataa. Alikaa juu ya figa moja akasema, "Mafiga yangu haitoki mu nyumba mimi nikiwa muzima. Ni mwiko." Unamjua mama, kila asichokipenda ni mwiko. Kufagia jioni ni mwiko, redio ya Ezironi ni mwiko. Nilicheka. Nakiri kwako, nilimshika mkono mimi mwenyewe nikamwinua, Ezironi akalibeba lile figa. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Tangu siku hiyo nyumba haikuwa na amani. Mama akawa anaunguza maharage, anamwaga maji, anagombana na kuni. Akiitwa kula anasema hana njaa. Ezironi akasema ni ukaidi wa uzee. Mimi nikasema ni hasira tu, itapita. Nguo zikaanza kumpwaya, nasi tukaendelea kubishana nani kati yetu anamjua zaidi.

Siku ya wageni ikafika. Walitoka Kasese na Muhokya, wengine Munkunyu, wamevaa vizuri. Na mtu wa kwanza kuingia, mzee mmoja wa kanisa, alizungusha macho kwenye chokaa yetu nyeupe akauliza, "Na ile moto ya bibi ilikuwa wapi?" Yosamu, walitaka kuona mahali bibi yetu, mke wa babu, alipowakaangia watu kahawa baada ya sala! Ndicho walichokijia! Byamukama akavua miwani akaanza kuisafisha. Nilitaka kumpiga na ungo.

Basi ikabidi kahawa ikaangwe huko nje. Hakuna anayemshinda mama kwa kahawa, wewe wajua: kaango la udongo, moto mdogo, kijiti cha kugeuzia, na hasemi na mtu mpaka amalize. Mara mvua ikashuka kwenye bati, kelele tupu. Nikaona moshi mzito. Punje zilikuwa zimeshakuwa makaa, na mama anaendelea kugeuza tu. Nikapiga kelele, "Mama, inaungua!" Akashtuka, kijiti kikamponyoka, akanyoosha mkono kulitafuta kaango, akaliwekea kiganja chote.

Ndugu yangu, mama haoni. Haoni kabisa. Jicho moja lilikwenda mwaka ule Ezironi alipooa, la pili likafuata mwaka jana. Alikuwa anakaanga kwa masikio. Punje zikipasuka mara ya kwanza, anapunguza moto. Zikianza kupasuka mara ya pili, anaepua. Chini ya paa la nyasi la babu mvua haina kelele. Chini ya bati la kamati hakusikia kitu. Na mle ndani alijua kila kitu kwa mkono: figa la upande wa mlango, kuni kushoto, mtungi nyuma ya nguzo. Sisi tukavuruga vyote, tukasimama tukingoja atushukuru.

Nilipokuwa namfunga kiganja nilimuuliza kwa nini alituficha. Akasema, "Mungejua, mungeninyanganya moto. Mutu hana moto, watu wanamupa chakula sawa kuku." Nililia, Yosamu. Ezironi alitoka nje akalia pia.

Sasa sikia kinachonichosha. Ezironi alipofuta machozi akageuka upande mwingine kabisa: mama asiguse moto tena maishani, akae kwenye kiti, mkewe atapika. Yaani kile kile mama alichokiogopa. Byamukama naye hataki chokaa yake iguswe. Nimewachoka wote wawili. Jumatatu niliyabeba mafiga mimi mwenyewe, mgongo bado unaniuma, nikayarudisha ndani. Mama akakaa, akayapapasa, akasema figa la upande wa mlango nimelielekeza vibaya. Baada ya taabu yote ile! Nikaligeuza. Siku hiyo alimaliza bakuli zima.

Ezironi anasema atayatoa tena ukimruhusu, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa wake. Basi wote tunangoja neno lako. Najua huko kambini wanakuita afande, ukisema watu wanakimbia. Huku usiamuru tena kwa barua. Ile ya kwanza imetutosha.

Siraje anayekuletea hii kwa treni amebeba pia kopo la kahawa. Mama ameikaanga juzi, kwenye mafiga yale yale, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umefungwa. Sikuitwanga, makusudi. Imwage kwenye sinia, wewe na Lamunu mtafute punje moja iliyoungua. Mkiipata, andika mafiga yatolewe, nami sitasema neno. Msipoipata, omba likizo.

Nisalimie Lamunu na watoto wote. Ezironi na mkewe wanawasalimu, ingawa hawajui nimeandika nini. Mungu awalinde katika kambi za watu, na chakula kisikose motoni kwenu.

Mama anakusalimu sana. Nimemuuliza kuhusu ile picha. Anasema alijua ni yako kwa sababu mimi nilicheka nilipofungua bahasha. Usitume nyingine. Njoo, ukohoe mlangoni kama unavyofanya siku zote, naye atakujua.

Dada yako, anayekupenda hata akikugombeza,

Edisa Biira