Moyo wa Alcide Ulihamia Kulia

Lafayette, Luiziana
9 Februari 2019

Mpendwa mdogo wangu Ozite,

Hujambo huko Oregon? Goti lasemaje na hiyo baridi? Mimi mzima, meno tu ndiyo yananiaga. Mzee wangu Théogène naye mzima, anakula mchuzi wetu wa gumbo kama kijana.

Anayeandika ni mjukuu wangu Noëlie, mimi nasema tu. Ukiona neno limekaa vibaya, ni lake.

Basi Noëlie kajifungua mtoto wa kiume, Alcide. Lakini kazaliwa na tundu kwenye kiwambo. Unakijua, tukichinja nguruwe, ule ukuta mwembamba kati ya mapafu na matumbo. Wa Alcide kushoto karibu wote haupo. Matumbo yamepanda kifuani, pafu halina pa kukaa.

Waliponiruhusu kumgusa, nikaweka kidole kushoto. Kimya! Nikapiga yowe. Nesi akanishika: "Bibi, tafuta kulia." Kweli, moyo uko kulia, unadunda kama kifaranga. Matumbo yameusukuma. Uzee wote huu sijasikia moyo kuhama nyumba!

Walingoja kwanza atulie kwenye mashine ya kupumulia, ndipo wakampasua, wakayashusha matumbo. Nikamuuliza daktari, mama mmoja mfupi mcheshi, tundu kubwa hivyo kaziba na nini. Kumbe kabandua tabaka la msuli wa tumbo la mtoto mwenyewe, kaligeuza, kalishonea kwenye mbavu. "Ningeweza kutia kitambaa, bibi, lakini kitambaa hakikui."

"Na tumbo ulilolipora je?"

"Lina matabaka mengine."

Kama keki! Noëlie hapa anauliza kama na hilo la keki aliandike. Andika, mama, andika hivyo hivyo.

Ila daktari hakutuficha: pafu dogo, na moyo usiporudi kushoto bado tuna hofu. Noëlie akawa hali kitu.

Mimi sasa nagusa kila kifua. Juzi nimempapasa Théogène, kashtuka: "We mwanamke, umeanza tena?" Nikamwambia lala, mzee, natafuta moyo tu.

Leo asubuhi nimemgusa Alcide. Kulia, hamna kitu. Safari hii sikupiga yowe. Nikasogeza kidole polepole, polepole, nikavuka katikati. Huo hapo! Noëlie naye akagusa. Kisha akaomba wali na mchuzi. Sahani mbili, mdogo wangu.

Nisalimie shemeji Ursin na binti yako Clotilde. Mungu akutunzie moyo wako hapo hapo ulipo.

Wako akupendaye, tena sana,
Dada yako Elmire