Picha Yangu Imekwenda Kununua Miti ya Kwetu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ila usicheke kabla hujafika mwisho, maana hata mimi mwanzoni nilicheka. Huu ni mwaka wa nne nafanya kazi mbali na kwetu, kwenye kiwanda kinachosaga miti kuwa unga na kuushindilia uwe vidonge vifupi kama chakula cha kuku, vinapakiwa melini vinakwenda ng'ambo kuchomwa kwenye mitambo ya umeme, na huko wanauita umeme safi, mimi sibishani nao kwa sababu shule niliishia darasa la sita. Bwenini kwetu umeme hukatika kila jioni, tunapikia kuni za kuokota nyuma ya uzio.

Kazi yangu ni beleshi. Karibu na lango kuna lundo kubwa la maranda tunaloliita lundo la wageni, na wakaguzi wa ng'ambo wakija wanapelekwa hapo, wanaambiwa kiwanda kinatumia mabaki ya mbao tu, na kabla hawajafika mimi nalipindua, ya chini yaje juu, lionekane limeletwa jana. Mshauri, lundo hilo ni lile lile tangu niajiriwe, halijaingia mashineni hata beleshi moja. Kinachoingia ni magogo yanayoshushwa upande wa nyuma, miti mizima, mingine ina majani mabichi.

Mwaka jana nyapara alisema nina uso wa mtu mwaminifu, wakanivalisha koti jeupe, wakanipa mche niushike mbele ya lundo nikapigwa picha, kisha koti wakalichukua na mche sijui uliishia wapi. Tangu hapo wenzangu wananiita Bwana Misitu. Ile picha nilimtumia kaka yangu mkubwa, akaniuliza kama nimepanda cheo, na mimi, sijui ulimi ulinitelezaje, nikamwambia ndiyo, sasa nasimamia mazingira ya kiwanda kizima. Mama alilia kwa furaha. Mke wangu akienda kuteka maji wanampisha, wanamwita mke wa bosi.

Sasa wakala wa kiwanda amefika kwetu na bango lenye picha yangu, anataka miti yote ya kilimani, aliyoipanda marehemu baba juu ya chemchemi tunayotumia sisi na majirani. Anasema watachukua matawi makavu na iliyoanguka tu. Mama hataki, mke wangu hataki, lakini kaka amewanyamazisha, anasema mwenye kuyajua haya ni mdogo wake. Jumapili alinipigia. "Wewe ndiye uliye ndani," alisema. "Sema ndiyo, nitie sahihi." Nikamjibu mtandao unasumbua, nikakata. Atapiga tena Jumamosi asubuhi, kwa sababu mchana wake wakala anakuja na karatasi.

Nikisema ukweli nitakuwa kichekesho, na mama atajua nilimliza bure. Nikinyamaza, miti inaondoka. Nimewaza nimwambie kaka miti yetu haina ubora unaotakiwa, ili mambo yaishe bila aibu. Nifanyeje?

Mwenye beleshi

JIBU

Ndugu yangu, nimecheka nilipofika kwenye mche, nikanyamaza nilipofika kwenye chemchemi. Pole. Kujipandisha cheo kwenye simu ili mama afurahi, wengi walio mbali na kwao wamefanya, na wengine mpaka leo ni mameneja. Lakini usijifiche nyuma ya kiwanda. Kiwanda kinawadanganya watu wa mbali. Wewe umewadanganya wa kwenu, na wa kwenu ndio watakaobaki na ndoo kavu.

Hilo wazo la ubora lifute. Mashine inayomeza mti na majani yake haichagui, na wakala analijua. Atamjibu kaka yako kwa neno moja, naye ataona wewe msimamizi umekosea, atie sahihi huku akikusamehe.

Usingoje akupigie. Piga wewe, umpate akiwa peke yake, kwa sababu na yeye ametamba kwa jina lako na anastahili kusitiriwa. Usianze na mazingira wala umeme wa ng'ambo. Anza hivi: "Kaka, mimi napindua maranda kwa beleshi. Cheo sina." Kisha nyamaza atukane. Akimaliza, mweleze ulichokiona kwa macho yako, kilichoko mbele na kinachoingia nyuma, na usiongeze hata tawi. Mwambie wazi kwamba jibu lako ni hapana.

Mama umwambie mwenyewe, asisikie kwa kaka. Mkeo mwombe radhi, maana yeye ndiye atakayechekwa kila asubuhi, na wewe hutakuwepo. Watamcheka wiki mbili, watachoka, na maji yatakuwepo.

Kazi usiiache kwa hasira, una watu wanaokula kwayo. Tafuta nyingine kimyakimya. Wakitaka kukupiga picha tena, sema tumbo linauma. Hapo tu nakuruhusu kudanganya.

Ukurasa huu hutoka Alhamisi, kwa hiyo una siku mbili. Habari za mpira ziko nyuma ya karatasi hii na hazitakimbia. Piga simu kwanza.