Dirisha Nililolikwaruza

Jumapili, jioni

Nimefanya utundu, na bado sijaamua kama ninajuta.

Mume wangu Deo aliweka jikoni dirisha la polikaboneti, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo. Aliigonga kwa nyundo mbele ya mama yake, aliyekuja kututembelea kutoka Rubya. "Umeona, Mama? Haivunjiki!"

Tangu hapo mama mkwe anaweka kiti chake nje ya dirisha hilo. Nikimenya ndizi, ananitazama na kuguna. Mimi si Mhaya, kumenya ndizi nimejifunzia hapa Rwamishenye. Nimeshajikata mara mbili kwa wasiwasi.

Plastiki hiyo haivunjiki, lakini inakwaruzika upesi. Leo walipokwenda misani nilichukua waya wa kusugulia sufuria, nikalisugua dirisha lote mpaka likawa jeupe kama ukungu. Mwanga unapita, macho hayapiti.

Deo aliporudi akafoka. "Nani kaharibu dirisha?"

Nikainamia ndizi, nikitafuta uongo wa kusema.

"Ni mimi," mama mkwe akajibu kutoka mlangoni. "Nililisugua kwa majivu alfajiri, kabla ya misa, ling'ae. Utanipiga?"

Deo akanywea, akatoka. Mama akauona waya niliousahau dirishani, akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Akavuta kigoda, akaketi karibu nami, akachukua kisu.

"Mwanangu, wiki nzima nilikuwa nangoja unikaribishe ndani."

Nimeona aibu. Lakini dirisha libaki hivyo hivyo.