Alhamisi ya Kasuku

Nyuma ya duka la vitambaa,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na hiyo baridi? Sisi wazima, isipokuwa macho yangu. Juzi nilishona mfuko wa suruali ukafungukia ndani. Mteja alinisema mpaka nikakumbuka utoto wetu na ulimi wako.

Sikupiga simu kwa sababu ningelia kabla hujaitikia. Barua anakuletea jirani yetu muuguzi, anayepanda ndege kuja huko kesho.

Binti yako, Kasuku wetu, ni mjamzito wa miezi minne. Daktari amesema moyo wake hauwezi kuubeba ujauzito hadi mwisho. Ukitolewa sasa, atapona. Ukiachwa, huenda tukawakosa wote wawili. Anatakiwa kutoa jibu Alhamisi.

Nilijua kwa ujinga wangu. Alikuja nimwongezee gauni kiunoni, nami mdomo wangu haujui kutulia: "Karibuni, leo napima wawili!" Akaketi juu ya robota la vitambaa, akalia. "Mjomba, wewe unahesabu wawili. Mimi nimeambiwa nichague."

Wifi yako anashikilia kwamba huyo aliye tumboni ni mtu tayari, yeye mwenyewe ameshamwimbia. Mkweo fundi bomba akamjibu, "Mama, mtu ninayemjua mimi ni huyu anayeninyang'anya shuka usiku." Wifi yako hakucheka. Hawasalimiani.

Mimi nimekaa katikati kama kiraka. Nikimtazama Kasuku, jibu ninalo. Nikikumbuka picha ya hospitali, kile kingumi kilichokunjwa, jibu linanitoroka. Mtu huanza lini, Dada? Moyo ukianza kupiga, au akianza kupendwa? Sijui, na wanaojua wananitisha.

Jana walibishana tena, naye Kasuku amesimama mlangoni na sinia la chai. Hakuna aliyemwuliza kitu. Nikamfuata jikoni. Akasema, "Wote mnajadili kama huyu ni mtu. Na mimi je, Mjomba?" Nikampokea sinia, nikammiminia chai yeye kwanza.

Nadhani ameshaamua, ila anauogopa uso wako. Mpigie. Mwache amalize kusema. Kisha mwambie kwamba lolote atakalomjibu daktari, atabaki binti yako. Kama huwezi kulitamka hilo, basi, kwa mara ya kwanza maishani namwamuru dada yangu mkubwa: usipige.

Msalimie shemeji na wale mapacha watundu. Mungu akupe maneno laini, na sauti ya kuyasemea.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi