Chai ya Kwa Mtani Wangu, Isevya

Jumamosi. Manyunyu yalianza kabla ya adhana ya alfajiri na mpaka sasa hayajaamua kuwa mvua. Mtaa wote wa Cheyo unanukia udongo uliolowa. Nimevaa sweta, nimeketi kwenye meza ya mama, na nina jambo la kuungama.

Wiki hii msomaji mmoja wa blogu hii aliniandikia. Anakuja Tabora kwa treni pamoja na mkewe, mara yao ya kwanza, na anataka kujua wapi pa kunywa chai asubuhi. Nilimjibu siku ileile, maana maswali ya namna hiyo ndiyo yananipa raha. Nikamwambia akishuka stesheni asihangaike na mabegi, avuke barabara akale supu ya kongoro na chapati, na aanze na mchuzi kabla ya kugusa nyama. Nikamtajia mzee wa karibu na soko anayeuza kahawa chungu na kashata, ambaye hapendi kabisa mteja mwenye haraka. Nikamwelekeza kwa akina mama wa sokoni wenye uji wa ulezi na matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani, unavitafuna na karanga mpaka taya linachoka. Na kwa kuwa alisema mkewe haamki mapema, nikamwonyesha sehemu moja hapa Cheyo ambapo vijana wanakula chipsi mayai saa tano asubuhi na kuiita branchi. Mimi naona ni chai iliyochelewa, lakini chipsi zao ni nzuri.

Akanishukuru sana. Akasema ninaijua Tabora.

Nilimficha jambo.

Chai bora kuliko zote katika mji huu inanywewa Isevya, kwenye kibanda cha mabati chenye mabenchi mawili, kwa mwanamke anayeitwa Bi Tatu. Sijawahi kukiandika hapa kibanda hicho hata mara moja. Wasomaji wa zamani mnaojua mji huu lazima mmejiuliza, na nawashukuru kwa kutoniuliza.

Bi Tatu ni Mzaramo wa Kisarawe. Aliletwa Tabora na mume aliyekuwa fundi wa reli, mume akafariki, yeye akabaki na chuma chake cha vitumbua. Mama yake mzazi alikuwa akimtumia nazi kwa gunia kutoka pwani. Mama yangu, mzaliwa wa Ipole, alikuwa akileta asali ya kwao kwenye chupa. Kila Jumamosi mama na Bi Tatu waliweka vitu hivyo viwili pamoja: kitumbua cha nazi cha moto, kimechovywa kwenye asali ya Ipole, na chai ya maziwa yenye tangawizi. Nimekaa Dar es Salaam miaka kumi na tisa na sijakula kitu kinachofanana na hicho.

Ila kilichokuwa kinanoga zaidi ni matusi.

Kwa asiyejua, sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Babu zetu walikuwa wakishuka pwani na misafara, wamebeba pembe za ndovu, na huko walikofika wakazoeana na wenyeji mpaka matusi yakawa salamu. Mtani anakutukana mbele za watu, anakuchukulia chakula kwenye sahani yako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Mama alikuwa akifika kibandani hasalimii. Anachukua kitumbua motoni kwa vidole, Bi Tatu anapiga kelele kwamba wezi wameingia mjini, mama anajibu kwamba anamsaidia kupunguza aibu, maana vitumbua vyenyewe havifai hata kuwapa kuku. Benchi zima linacheka. Nilikuwa nikija likizo nakaa katikati yao na kusikia kuwa niko nyumbani.

Kazi kubwa ya mtani, lakini, iko msibani.

Mama alifariki miaka miwili iliyopita. Nilifika kutoka Dar asubuhi ya maziko, sijalala, sijala, nimevimba macho. Waombolezaji wamejaa uwanjani. Mara mlango wa chumbani ukafunguliwa na mama akatoka. Gauni lake la kijani, miwani yake, kilemba chake, ule mguu wa kushoto anaouvuta. Akakohoa kidogo, kama alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema chochote, akauliza kwa sauti yake: "Mbona mnalia na chai inapoa? Na nani kaweka sukari wakati asali ipo?"

Watu waliangua kicheko. Mama mdogo, ambaye alikuwa hajanyamaza kulia tangu siku ya kwanza, alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa Bi Tatu, bila shaka, anamwigiza marehemu kama mtani anavyopaswa. Mama mdogo mwenyewe ndiye aliyempa zile nguo.

Mimi sikucheka. Nilinyanyuka, nikamvua miwani usoni, nikamshika mkono, nikampeleka mpaka barabarani. Nikamwambia asikanyage tena kwetu.

Alikwenda akiwa bado amevaa gauni la mama, na kwa hatua kadhaa alisahau akaendelea kuuvuta mguu.

Mama mdogo aliniuliza swali moja tu: "Umemfukuza mtani wa mama yako, na mwili bado uko ndani?" Hakusubiri jibu. Mazishi yakaendelea kimya kimya, na watu waliondoka mapema.

Wakati ule nilijiona nimelinda heshima ya mama. Miaka kumi na tisa ya mjini ilikuwa imenisahaulisha kwamba heshima yenyewe ilikuwa ile. Baadaye nilihamia hapa, kwenye nyumba hii, nikaanza kuandika kuhusu vyakula, na kila nilipokuwa na safari ya Isevya nilipita barabara ya nyuma.

Naandika ukweli, kwa hiyo na hili niliandike. Mwezi wa saba nilisikia kwamba mama yake Bi Tatu amefariki huko Kisarawe. Nilimkumbuka vizuri bibi yule. Aliwahi kuja Tabora akakaa mwezi mzima, na mwezi mzima alilalamika kwamba hii ni nchi gani isiyo na minazi. Nilichofanya ni kumtumia Bi Tatu picha kwenye simu, ile yenye mshumaa na maua na neno "Pole". Akajibu "Asante". Nikajiona muungwana.

Usiku wa kuamkia leo sikupata usingizi mzuri. Sina sauti ya mama popote. Alikuwa hataki kurekodiwa, ukimwambia atume ujumbe wa sauti anakata simu. Nimepekua simu zangu zote mbili, ya sasa na ile iliyopasuka kioo, sijapata hata kikohozi. Kulipopambazuka nikasikia njaa ya kitumbua, njaa ya kweli, ya tumboni. Nikachukua mwavuli nikatoka.

Kibanda ni kilekile. Bi Tatu amekonda. Kwenye benchi walikuwepo fundi cherehani wa jirani, Mzee Maganga, na dereva mmoja wa bodaboda anayekimbia manyunyu. Nikaamkia: "Shikamoo Bi Tatu."

"Marahaba. Karibu, dada. Utatumia nini?"

Dada. Mimi ambaye tangu utotoni aliniita mjukuu wa wapagazi. Akanifutia meza, ambayo ilikuwa safi. Akaniletea maji ya kunawa na sabuni. Akaniwekea vitumbua vitatu kwenye sahani yenye ua, sahani ya wageni, akasema "karibu" na kurudi jikoni. Kila nilipoinua macho aliniuliza kama kuna kilichopungua. Sijawahi kuhudumiwa vizuri vile Tabora nzima, na nilitamani kulia.

Vitumbua havikuwa na nazi. Nilitafuna nikitafuta ladha yake, sikuipata.

Mzee Maganga aliona ninavyogeuza kitumbua. Akainama kwangu, akasema kwa sauti ya chini: "Tangu mama yake afe hapati nazi ya maana. Na hana tena utani na mtu."

Nikamuuliza kwani matanga yalikuwaje. Aliweka kikombe chini.

"Aliweka matanga hapahapa siku tatu, maana hakuwahi kwenda kuzika. Wanyamwezi tulijaa. Lakini mtani wa nyumba hii ni nyumba yenu, mwanangu. Asiyejua nani? Tukakaa tunasubiri mtu wa kwenu aanze, sisi tufuate. Hakuja mtu. Tulikaa siku tatu kama tuko ofisini."

Siku tatu. Alilia siku tatu na hakuna aliyemchekesha, na zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimetuma mshumaa.

Nilikaa pale na chai yangu inayopoa nikajua kwamba nikinyanyuka, nikanawa, nikasema asante, sitarudi tena kibanda kile maisha yangu yote. Na pia nilijua jambo moja tu ninaloweza kufanya, na kwamba nikilikosea atanifukuza mbele za watu, kama nilivyomfukuza mimi. Mimi si mchekeshaji. Mama ndiye alikuwa mchekeshaji.

Nikanyanyuka. Nikazunguka upande wa jiko, nikatia vidole kwenye chuma, nikachomoa kitumbua. Kiliniunguza vibaya. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Nimekuja kuuliza habari za yule bibi wa Kisarawe aliyetukana nchi yetu mwezi mzima kwa sababu haina minazi. Huko alikokwenda kaikuta? Maana kama hajaikuta, nawahurumia malaika."

Dereva wa bodaboda aliacha kutafuna. Bi Tatu alibaki ameshika upawa juu, unga unadondoka kwenye kanga yake. Alinitazama muda mrefu kiasi kwamba nikaanza kutunga maneno ya kuomba radhi.

Kisha akaketi kwenye kigoda, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika. Sikujua analia au anacheka. Mzee Maganga naye hakujua, alikuwa amesimama nusu. Alipoufunua uso nikaona kwamba ni vyote viwili.

"Mshenzi wa Kinyamwezi wewe," akasema. "Babu zako walikuwa wanafika pwani kwa miezi mitatu, kwa miguu, na pembe ya ndovu begani. Wewe kutoka Cheyo mpaka hapa umetumia miaka miwili, na hujabeba hata asali!"

Kibanda kizima kililipuka kwa kicheko. Dereva alicheka mpaka chai ikampalia. Mzee Maganga akadakia hapohapo, akauliza kama kweli marehemu alizikwa Kisarawe au alitoroka kaburini kwenda kutafuta tui la nazi, na mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo ya dagaa akasimama na kuongeza lake. Matanga ya mwezi wa saba yakafanyika leo, kwenye manyunyu, kwa vitumbua visivyo na nazi. Bi Tatu alitukana kila mmoja wetu kwa zamu. Aliniondolea sahani ya ua akanirushia ya bati.

Nilikula saba. Nilitaka kumwambia nisamehe, neno lilifika mdomoni, akaniona, akanikata: "Kula uondoke, unajaza benchi." Basi nikajua limekwisha.

Sasa ni mchana na nimerudi. Vidole vinauma, nimevipaka asali. Nyumba iko kimya namna ile inavyokuwa kimya, na ningetoa kitu chochote nimwambie mama kwamba leo nimetukanwa mbele za watu nikashiba. Angecheka. Angetaka nimrudie neno kwa neno, halafu angesema nimejibu kizembe.

Pengo lake nimelisikia leo kuliko siku ya kumzika. Siku ile nilikuwa na hasira, na hasira inasaidia.

Kuna kitu sikumwomba Bi Tatu. Nilikifikiria muda wote nikila, na kila alipokohoa kwa moshi wa jiko niligeuka kumtazama. Katika dunia nzima yule mwanamke peke yake ndiye aliye na sauti ya mama, na mguu wake, na kile kikohozi. Lakini mtani haombwi. Anakuja na lake akiona wakati wake, na pengine baada ya nilivyomtenda hataona wakati kamwe. Nitakuwa nikienda kila Jumamosi, na asali, nikae kwenye benchi nitukanwe.

Na siku akijifunga kilemba na kuuvuta ule mguu wa kushoto, nitamwacha amalize.