Kibarua Mmoja

Jumatatu, 3 Juni

Ndoo nne kama kawaida. Jana Mama Ciku, mwenye bucha, alichinja mbuzi sita, kwa hivyo matumbo yalikuwa tele. Nimechanganya ile nyasi ya matumboni na maji ya uvuguvugu, nikamwaga kwenye tangi la gesi, nikakoroga. Baridi ya Kikopey inauma siku hizi, na tangi likipoa gesi inalala. Moto ulikuwa wa bluu. Supu ya kichwa imeiva kabla ya madereva wa malori kushuka. Mikono inanuka hadi viwikoni. Mwaka wa tatu sasa.

Muchiri hajakanyaga hapa wiki mbili. Yuko Nakuru mjini, eti anashughulikia makaratasi. Tulisoma naye chuo cha ufundi. Yeye Kiingereza, mimi kuchomelea, na kazi tukagawana hivyo hivyo. Pesa za serikali za utafiti wa nishati kwa biashara ndogo ndizo zilinunua tangi. Awamu ya pili ikipita, tutawajengea wenye bucha wote wa barabara hii.

Alhamisi, 6 Juni

Muchiri ametuma fomu ya awamu ya pili kwa bodaboda. Mama Ciku aitie sahihi kwa kuwa tangi liko uani mwake. Miwani yake imevunjika, akaniita nimsomee.

Ukurasa wa kwanza: mtafiti mkuu na mvumbuzi, Muchiri. Wa tatu: mchoro wa chujio langu la gesi. Mistari yangu. Hata doa la chai yangu limetokea kwenye kopi. Chini yake, uvumbuzi wa Muchiri. Nikatafuta jina langu hadi mwisho. Ukurasa wa tisa, wafanyakazi: "Kibarua, mmoja."

Nilimsomea Mama Ciku yote isipokuwa mstari huo. Niliona haya. Akatia sahihi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimempigia Muchiri simu. "Njeri, hiyo ni paperwork tu. Hao watu wanataka mtu wa kuongea. Wewe endelea na kazi ya mikono, hizo zingine niachie."

Halafu, bila haya, akanipa kazi. Kamati ya serikali inakuja tarehe kumi na nane. Tuwachomee mbuzi kwa gesi. Choma kwa gesi! Gesi yetu ni ya supu, ugali na maji ya kuosha vyombo. Choma ni ya makaa, hata mtoto wa Kikopey anajua.

Nikamwambia sawa. Atajua hajui.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani wamehubiri kusamehe. Mimi nilikuwa nawaza chujio.

Gesi ikitoka kwenye tangi inanuka mayai viza. Lazima ipite kwanza kwenye bomba lililojaa vumbi la chuma lenye kutu. Kutu inakula ule uvundo. Baada ya majuma kadhaa vumbi linakuwa jeusi, halili tena, na ni lazima libadilishwe. Muchiri hajui. Kwenye mchoro niliandika "chujio" tu, naye hakuwahi kuuliza ndani kuna nini. Miaka mitatu, hajauliza.

Vumbi lingebadilishwa wiki hii. Jipya nimeshalichukua mtaa wa Rhonda, Nakuru, kwa fundi anayechonga vyuma. Liko chini ya kitanda changu. Litakaa hapo hapo.

Jumamosi, 15 Juni

Gesi imeanza kunuka kidogo. Mama Ciku kanusa jikoni. "Njeri, kwani kuna kitu imeoza?"

Nikamwambia ni mtaro. Mwanamke aliyenipa uwanja wake bure, nimemdanganya mchana peupe. Nilijisikia vibaya mpaka chakula cha mchana. Halafu nikakumbuka ukurasa wa tisa.

Jumatatu, 17 Juni

Nimefua ovaroli. Nina furaha mbaya.

Jumanne, 18 Juni

Wamekuja watatu. Wanaume wawili na mama mmoja mwenye buti za matope, mtu wa kazi huyo. Muchiri kavaa suti. Bucha ilikuwa imejaa, pamoja na wamama wa kanisa waliotoka Gilgil kula pamoja. Muchiri akahutubu. Akafungua gesi kwa mkono wake mwenyewe, hajui kiasi, akaifungua yote kabla ya kuwasha kiberiti.

Uvundo ulifika hadi barabarani. Alipowasha, mguu wa mbuzi ukafukizwa moshi wa ajabu. Mwanamume mmoja wa kamati alionja, akatema kwenye kitambaa. Wateja wakainuka. Dereva mmoja akapaza sauti: "Mathe, leo umetuchinjia mbuzi ama fisi?" Watu wakacheka.

Mama wa buti akauliza ndani ya bomba kuna nini. Muchiri akasema ni advanced filter. Akaambiwa alifungue. Akalizungusha upande usio wake, jasho likimtoka. Mimi nimesimama pale na ndoo. Utamu ule siwezi kuuandika.

Mama yule akanigeukia. Akanitazama mikono, kisha uso. "Kuna mwingine hapa anajua hii kitu inafanya kazi aje?"

Muchiri: "Njeri, si uwaelezee."

Nikasema, "Mimi ni kibarua tu, madam."

Alhamisi, 20 Juni

Bucha tupu. Majirani wanaiita "Kwa Mayai Viza." Mama Ciku amenunua magunia ya makaa.

Alikuta mfuko wa vumbi la chuma chumbani kwangu, alipokuja kuchukua sufuria yake. Nikamweleza yote, na ukurasa wa tisa pia. Sikutarajia anihurumie. Hakunihurumia.

"Yule mama alikuuliza wewe. Ulikuwa na mdomo. Ungesema ni yako, saa hii ingekuwa yako."

Akaondoka na sufuria yake.

Ijumaa, 28 Juni

Barua imefika. Mradi umesimamishwa. Jina la Muchiri limeandikwa mara nne. Langu hamna. Hata kuharibu, ameharibu yeye.

Nilitaka aumie, na ameumia. Nasikia hatoki nyumbani. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia kwa hasira. Zile sekunde tano za kuulizwa nazikumbuka kila ninaposhika ndoo.

Jumatano, 3 Julai

Jua zuri. Nimefungua bomba, nikaanika lile vumbi jeusi juu ya bati uani. Mama Ciku alikuwa anakata nyama, hajanisalimia. Likipata hewa linarudi kuwa jekundu polepole. Nimekaa nikiligeuza kwa mwiko. Jipya nimeliweka bombani.

Ndoo nne. Nimekoroga. Nimewasha. Moto wa bluu, hauna harufu yoyote.

Muchiri sijamsamehe.

Mama Ciku alikuja akasimama kando ya jiko muda mrefu, akinusa. Akarudi ndani. Akatoka na sufuria, akaitua juu ya moto. Ni maji ya kuosha vyombo. Supu bado iko kwenye makaa.